Kaka Mussagy na Vita vya Mkekani

Mwaka umetimia, kaka yetu Mussagy, tangu tulipokutoa nyumbani asubuhi ya mvua tukakupeleka kwa waliotangulia. Khitma imesomwa, chakula kimeliwa, na dua tumekuombea kila mtu kwa ulimi wake. Nduguzo wameniambia niandike mimi, mdogo wako Atija, kwa kuwa ndiye niliyesoma. Waliponiambia hivyo niliinamisha uso. Wewe unajua kwa nini, na wenzetu watakaosoma hapa watajua pia.

Watu wa Palma wanakujua kwa cherehani yako. Ulikaa pale barazani karibu na soko, miwani imefungwa uzi, ukishona sare za shule na kanzu za Idi. Mama akileta mtoto apimwe suruali hukumwuliza mtoto ana umri gani. Ulimwuliza urefu wa baba yake. Kisha ukaacha pindo refu kwa ndani. Hadi leo wapo watoto hapa mjini wanaorefuka ndani ya nguo zako, na mama zao wakifumua pindo hukutaja na kukurehemu.

Sisi wa nyumbani tunakukumbuka zaidi mkekani, umekunja miguu, umeinamia ubao wa vita.

Boksi la mchezo huo liliingia kwetu mwaka wa uhuru. Mwenye kantina ambaye baba alikuwa mpishi wake alifunga duka akarudi Ureno, akamwachia baba masufuria, kiti kimoja, na mchezo wa watoto wake: ubao unaokunjwa wenye ramani ya dunia, kete za mbao za rangi, dadu, na karatasi ya sheria iliyoandikwa Kireno. Mama alitaka boksi liwe la kuwekea chumvi. Wewe ulilikumbatia. Hakuna kati yetu aliyejua kusoma Kireno. Wewe ulikuwa na juzuu zako za chuo cha Kurani tu. Ukakaa na ule ubao tangu adhuhuri mpaka alasiri, kisha ukatuita mimi na Abibo ukasema umeuelewa. Hukuwa umeuelewa. Uliutunga.

Nchi kubwa ya manjano uliiita Mueda, kama mji wetu wa mlimani. Kisiwa cha chini kulia kikawa Vamizi, na anayetaka kukipiga lazima aseme anavuka maji yakiwa yamejaa au yamekupwa. Nchi nyekundu ya juu kulia ikawa Pundanhar, na yeyote aendaye huko apoteze zamu kwa ajili ya ubovu wa barabara yake. Quiterajo, kwao mama, ulikataza isipigwe kabisa, mpaka Abibo alipolalamika kwamba mimi kila siku najificha kwa bibi na jeshi zima. Ukubwani nimekuja kusoma kwamba Pundanhar yetu ni Mongólia na Vamizi yetu ni Madagáscar. Nasoma, lakini moyo haukubali.

Dadu hazikudumu. Mwalimu wa chuo alisikia mlio wake akaja hadi barazani, akasema dadu ni haramu. Hukubishana naye. Ulizifukia nyuma ya choo, ukatafuta njia nyingine ya kumjua mshindi. Anayetaka kupiga nchi ya mwenzake atueleze jeshi lake litapita wapi na litakula nini. Sisi tunaotazama ndio tunaoamua kama maneno yake yanaaminika. Mtu akija na kete zake nyingi, kifua mbele, wewe uliuliza taratibu, “Haya, watakula nini?” Wengi tulishindwa hapo. Abibo aliwahi kusema wake watakula samaki, ukamwuliza samaki gani huko Mueda, na jeshi lake lote likarudi nyumbani na njaa.

Kulikuwa na sheria nyingine, ambayo mimi leo naiona ndiyo iliyokuwa wewe mwenyewe. Aliyeshindwa hakutolewa. Alibaki na kete moja katika nchi ya aliyemshinda, akiwa mgeni wake. Zamu mbili alishwe bure. Zamu ya tatu apewe jembe, maana yake apewe kipande cha ardhi aanze upya. Ulisema wazee walikwisha kutufundisha hilo, sisi tumelisahau tu. Ndiyo maana kwenye mkeka wako hakuna mtoto aliyeinuka analia.

Vita vya kweli vilipofika upande wetu tukavuka Ruvuma kwenda kwa jamaa zetu Mtwara, kila mtu alibeba alichoweza. Wewe ulibeba cherehani kwa mkono mmoja, na boksi juu ya kichwa. Mama, Mungu amrehemu, alicheka pale mtoni ingawa alikuwa amechoka. Alisema, “Tunakimbia vita, na mwanangu kavibeba kichwani.” Kule ugenini watoto wa wakimbizi walijaa mkekani kwako, wengine hawana lugha moja, wote wanaulizana watakula nini.

Tuliporudi ulimwoa wifi yangu Awa, ukapata Chamsudine na Nadia. Ukapata na mpinzani wa kudumu, fundi Lázaro seremala, mtu wa Mueda, aliyekuwa akija Jumapili akitoka kanisani. Kete zilizopotea alizichonga yeye. Utani wenu ulisikika hadi barabarani. Yeye akisema, “Nyinyi watu wa pwani mkipanda mlima kidogo tu mnauliza maji yako wapi,” wewe unamjibu, “Na nyinyi mkiona bahari mnauliza nani kaimwaga.” Wakati huo umeshamzunguka upande wa Pundanhar na yeye hajui.

Nami, kaka, ni wewe uliyenipeleka shule. Mume wangu alikuwa amefariki, watoto wamekua, na mimi nasema kichwa changu kimeshakauka. Ulisema, “Nenda, ndugu yangu. Mmoja wetu atusomee.” Miaka hiyo gesi ilikuwa imegunduliwa baharini, magari ya kazi yanapita yakikimbia, wageni wamejaa mjini, na hukutaka nitembee peke yangu jioni. Kwa hiyo ulinisindikiza. Mimi nikaingia darasani kwa professora Márcia, wewe ukakaa kwenye ngazi za nje na tasbihi yako mpaka nitoke. Nikitoka uliniuliza nimejifunza nini, nami nikakusomea vibao vya maduka tunayopita. Ulifurahi kama mwenye duka ni wewe.

Sasa nifike pale ambapo sisi sote hatupendi kufika.

Chamsudine alikuwa dereva wa wapimaji wa mradi wa gesi. Ijumaa moja alimleta nyumbani fundi mmoja wa Kireno, senhor Valdemar, mtu mzima mpole, aje ale pilau ya mama yake. Mgeni alipoliona boksi kwenye kona aliinuka. Alilisogelea, akaupitisha mkono juu ya kifuniko kama mtu anayempapasa mnyama wake wa zamani. Chamsudine alitutafsiria: alikuwa na mchezo huo huo nyumbani kwa bibi yake, akicheza na binamu zake siku za mvua, na wengi wao sasa hawapo. Machozi yalimlengalenga. Wewe ulitandika mkeka kabla hajamaliza kusema. Ulimweleza sheria zako zote, Mueda, Vamizi, chakula, mgeni na jembe, naye akasikiliza akitabasamu, akisema kwao hawakucheza hivyo lakini hivyo ni vizuri.

Hapo ndipo nilipoinuka. Nilitaka mgeni aone kwamba nyumba hii ina msomaji. Nilichukua ile karatasi iliyolala ndani ya kifuniko tangu utoto wetu, pembe moja imeliwa na mchwa, nikasimama katikati ya watu nikaisoma kwa sauti, kidole chini ya neno. Nilisoma Kireno chake, kisha nikatafsiri. Nilipofika kwenye neno *eliminado* nilisema, “Anayepoteza nchi zake zote anatolewa mchezoni.”

Watoto walikugeukia. Chamsudine alicheka akasema, “Baba, kumbe miaka yote umetudanganya.” Hakusema kwa ubaya, leo hii analia akilikumbuka neno hilo. Senhor Valdemar alitaka tucheze kwa njia yako. Alisema hivyo mara kadhaa. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema sheria ni sheria, na imeandikwa.

Dadu hatukuwa nazo, tukaiacha simu ya Chamsudine ituchagulie namba. Mkacheza. Simu ilikuwa inaamua, na wewe ulikuwa bado unafikiri. Kila nchi yako ilipopigwa uliuliza, kama ulivyozoea, watakula nini. Na mimi nikakujibu mbele ya mkeo, watoto wako na mgeni wako, “Karatasi haiulizi chakula.”

Watu walicheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka.

Kabla pilau haijaletwa kete zako zote zilikuwa zimerudishwa kwenye boksi. Ulibaki umekaa kwenye mkeka wako, nyumbani kwako, huna hata kete moja. Mikono hukujua uiweke wapi. Mwishowe uliinuka ukamletea mgeni maji ya kunawa.

Hukuninunia, kaka. Laiti ungeninunia. Jumatatu yake jioni ulikuwa mlangoni kwangu na tasbihi mkononi, tukatembea hadi shule, ukakaa kwenye ngazi kama kawaida, na nilipotoka ukaniuliza nimejifunza nini. Nikakueleza. Sikukwambia neno jingine.

Watoto waliendelea na mchezo wa karatasi na simu. Ulikuwa wa haraka na wa makelele. Aliyetolewa mapema aliondoka na hasira, kesho yake harudi, na baada ya muda hawakubaki wa kutosha kucheza. Boksi likapanda juu ya kabati. Fundi Lázaro alikuja Jumapili akakuta mkeka umekunjwa. Alikuchokoza, akasema watu wa pwani leo wameishiwa na chakula. Anatuambia hukumrudishia utani. Ulisema tu, “Mimi nimetolewa, mwenzangu,” ukammiminia kahawa.

Kisha ukaja ule mkutano wa chini ya turubai, tulipoelezwa kwamba baadhi ya vijiji vya pwani vitahamishwa kupisha mitambo ya gesi. Wenye mradi walisoma karatasi ndefu. Mimi niliifuata neno kwa neno, nikajivuna moyoni kwamba nimeielewa yote. Walipoomba maswali wewe ulisimama, umeshika kofia. Ulisema, “Hao mnaowahamisha, huko waendako watakula nini?”

Pale hakuna aliyecheka. Wanawake wa vijiji vile walianza kuitikia, mmoja, kisha wengi, kwamba jibuni, jibuni, watakula nini. Aliyekuwa anasoma alifunua kurasa mbele na nyuma. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yako, naiona kola ya shati lako, uliyoigeuza na kuishona upya upande wa pili ili idumu. Nilijua kwamba hukuwahi kutudanganya. Tangu utoto ulikuwa unatufundisha swali moja, na mimi nilipokea shuleni cheti cha kulizima.

Nilikusudia kuja kukutaka radhi. Nilikusudia baada ya mtihani, kisha baada ya Ramadhani. Homa ilikushika siku za mvua. Wifi Awa alituma mtu aniite nikiwa kwenye swala ya alfajiri, na nilipofika ulikuwa umeshageuzwa kuelekea kibla.

Katika matanga nilimwuliza Awa kama uliondoka na kinyongo nami. Aliniambia aliwahi kukuuliza hilo. Jibu lako lilikuwa, “Atija kasoma sawa. Karatasi ndivyo ilivyosema.” Awa alidhani maneno hayo yatanipoza. Yamekuwa mwiba wangu, kaka. Ningekuwa nimesoma vibaya ningekuwa na la kujitetea.

Nilikwenda kwa Shehe Nazir wa msikiti wetu, nikamwuliza mtu anamtakaje radhi aliyekwisha kuzikwa. Alinijibu nikuombee maghufira, nitoe sadaka kwa jina lako, na lile nililoliharibu nilitengeneze ikiwa linatengenezeka. Dua sijaacha, kila sijda umo. La tatu ndilo tulilolijaribu juzi, siku ya khitma.

Watu walipokwisha kula niliwaomba nduguzo wabaki. Tuliushusha ubao, tukautandikia mkeka wako. Karatasi niliitoa kifunikoni nikaiweka mbali. Niliwaambia watoto kwamba tutacheza kwa sheria za Mussagy, na kila aliyewahi kukaa mkekani kwake aseme anayokumbuka.

Fundi Lázaro alianza na chakula, akatoa mifano mpaka tukamnyamazisha. Abibo alikumbuka kwamba nchi haiachwi tupu, lazima abaki mmoja kuwatunza wazee. Nadia alianza habari ya mgeni na jembe, Chamsudine akaimalizia. Awa, ambaye sisi tulidhani hakuwa akiangalia, alitukumbusha kwamba adhana ikiita hakuna anayegusa kete. Tulikupata kidogo kidogo, kipande hiki kwa huyu, kipande kile kwa yule. Wajukuu wakaanza kucheza. Mtoto wa Chamsudine alitaka kuipiga Mueda, wote wakamwuliza kwa pamoja watakula nini, akajibu mihogo ya kukausha waliyobeba kutoka Pundanhar. Fundi Lázaro, mwenye Mueda yake, alikubali kwamba mihogo inafika. Tulicheka kicheko ambacho nyumba hii haikukisikia mwaka mzima, na mimi nilisema Alhamdulillah, nikidhani nimekwisha kutengeneza.

Wakacheza, wakacheza. Walioshindwa wakawa wageni, wageni wakapewa majembe, wenye majembe wakawa na nchi. Ndipo Yasmin, binti wa Nadia, alipoinua kichwa akauliza vita hivi vinaishaje.

Abibo alisema vilikwisha chakula kilipoletwa. Awa alikataa, alisema miaka yote aliweka sinia pembeni ya ubao na mlikuwa mnakula huku mnapigana, wali uliodondoka umeganda hadi leo kwenye Mueda. Fundi Lázaro alisema vilikwisha yeye alipokwenda kwake. Chamsudine alisema akiwa mtoto alikuwa akisinzia kabla, na alipokua hakuwa na subira. Mimi nilitafuta kichwani mwangu tangu siku ya kwanza, mimi na wewe na Abibo mbele ya nyumba ya baba, na sikupata. Kulikuwa na mahali fulani ambapo ulinyoosha mgongo na kusema basi, nasi tukaridhika, kila mtu na nchi yake. Uliona nini ubaoni kabla ya kusema basi, hakuna kati yetu aliyekuuliza. Mwaka wote ule niliokuwa nakusomea vibao vya maduka, ningeweza kukuuliza mimi.

Yasmin hakuwageukia wengine. Alinigeukia mimi, kwa kuwa wamelelewa hivyo, wakitaka kujua jambo waje kwangu. Alisema, “Bibi Atija, si wewe ndiye unayejua kusoma?”

Kwenye ile karatasi jibu lipo. Ni mstari wa mwisho, na ninaujua kwa moyo: vita vinaisha dunia yote ikiwa ya mmoja. Ulimi wangu ulikuwa umeshainuka.

Nikasema, “Sijui, mjukuu wangu. Aliyejua hatukumuuliza.”

Alifikiri kidogo, kisha akaitazama kete ya kijani ya mdogo wake iliyokuwa mgeni katika nchi yake, akasema zamu ya tatu imefika, ampe jembe. Wakaendelea. Sisi wakubwa tukabaki tumewazunguka, kila mmoja akikisikiliza kinywa cha mwenzake, labda neno basi litamjia.

Ewe Mola, msamehe ndugu yetu alichokosea, mpanulie kaburi lake, umpokee kama alivyowapokea walioshindwa. Na sisi tuliomtoa mkekani kwake, tusamehe.

Wanaokukumbuka ni mkeo Awa. Wanao Chamsudine na Nadia. Wajukuu wako wote, na Yasmin mbele yao. Ndugu yako Abibo. Mwenzako fundi Lázaro na nyumba yake. Na mimi mdogo wako Atija, ninayekutaka radhi mbele ya watu kama nilivyokuvunja mbele ya watu.

Kukukumbuka, kaka Mussagy, hatutaacha siku zote za uhai wetu.